Pikapu Niliyoona Haya Kuirudisha

Naikumbuka siku niliyolala chali chini ya pikapu yangu, mwanangu, nikaona jambo ambalo ningelisema siku hiyohiyo, leo nisingekuwa na kisa hiki cha kukusimulia. Umeniambia gari ulilonunua juzi linavuta upande mmoja, na kwamba utalitengeneza polepole bila kelele. Hayo maneno ya "bila kelele" ndiyo yaliyonikosesha raha. Kaa kwanza, hiyo chai haikimbii.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, nami nakaa Makadara. Nilichoka kuendesha magari ya watu, nikanunua pikapu kwenye yadi moja karibu na Muthurwa. Nilimweleza muuzaji wazi kwamba nataka gari la kubeba magogo ya kuchongea vinyago kutoka Ukambani hadi Nairobi. Akapiga boneti kofi. "Chukua hii, ndugu yangu. Hii hata ukipakia nyumba itabeba." Akaniandikia risiti. Rangi ilikuwa inang'aa, basi mimi nikaona nimefika.

Jumapili iliyofuata majirani walitoka kanisani moja kwa moja hadi mlangoni kwangu. Unajua desturi yetu, mtu akileta kitu kipya nyumbani lazima kiombewe. Mchungaji aliweka mkono juu ya boneti, kina mama wakaimba na kupiga vigelegele, mke wangu akalia kwa furaha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita jina langu tena. Nikawa Baba Pikapu, na nilipenda kuitwa hivyo, nisikudanganye.

Hata wiki mbili hazikuisha. Nilikuwa chini ya gari nikibadilisha oili, nikakwaruza tope kwenye chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, rangi ikabanduka. Chini yake palikuwa na mshono. Ile chasisi ilikuwa imekatika zamani, ikaungwa, ikapakwa rangi ili mjinga kama mimi asione. Na kando ya mshono, ufa mpya ulikuwa umeanza.

Unafikiri niliirudisha kwa muuzaji? Wapi! Niliwafikiria wale wote walioiombea, wakiniuliza kulikoni, nikaona afadhali ardhi inimeze. Nikaenda Gikomba kimyakimya kwa fundi wa kuchomelea. Yule mzee aliinama, akatazama, akainuka.

"Kijana, hii rudisha kwa mwenyewe. Kama uko na risiti, sheria iko na wewe."

"Mzee, wewe choma tu," nikamjibu.

Akachoma, huku akisonya.

Magogo nilikuwa nambebea rafiki yangu Mutiso, mchongaji. Twiga aliyechongwa na Mutiso ungedhani anakutazama. Kila safari alikaa nyuma, juu ya mzigo, akizuia magogo yasiteleze. Mwezi wa nne tangu niinunue, tukiteremka kwenye barabara ya changarawe, nikasikia mlio chini ya kiti. Chasisi ilikatika palepale kwenye mshono. Magogo yakateleza kwa pamoja, yakambana mkono wa kulia. Alivyolia siku ile, siwezi kukusimulia.

Hospitalini walimkata vidole vitatu. Niliketi kando ya kitanda chake nikaanza kumlaani muuzaji, mwizi yule, muuaji yule. Mutiso akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wewe ulikuwa unajua?"

Nikaitazama bandeji yake. Akageukia ukutani.

Jirani yangu Njoroge, aliyekuwa karani kwa wakili mmoja mjini, alinipeleka kwa mkubwa wake. Mimi nilidhani sheria ni ya wenye suti. Wakili akanieleza kwamba mfanyabiashara wa magari, ukimwambia gari ni la kazi gani ukamtegemea akuchagulie, sheria inamfunga akupe linaloiweza kazi hiyo, hata kama hamkuandikiana neno hilo popote. Ningeirudisha mara tu nilipouona mshono, angelazimika kuipokea na kunipa changu.

"Lakini umekaa nayo miezi, umeitengeneza bila kumwambia, umefanya nayo biashara," akasema. "Kuirudisha sasa umechelewa. Fidia kidogo ya gari tunaweza kujaribu kudai. Ila huu mkono, Bwana, hutaweza kumtwika yeye. Uliuona ufa, ukapakia mtu."

Mutiso hakuchonga tena. Alirudi kwao Ukambani, akawa analima kwa shida. Nilikwenda kumwomba msamaha, akanipa, na chai akanimiminia kwa mkono wa kushoto. Yeye alinisamehe kwa moyo wake wote. Mimi ndiye nimeshindwa kujisamehe, na sasa nina mvi.

Kwa hiyo kesho asubuhi, mwanangu, lirudishe lile gari kwa aliyekuuzia. Usilipitishe kwa fundi alitengeneze kwanza. Andika barua useme umeona nini na lini, ubaki na nakala pamoja na risiti yako, na ukimkabidhi awepo mtu wa kushuhudia. Akifoka, mwache afoke. Akikwambia ulilitazama mwenyewe kabla ya kununua, mwulize kama alikuonyesha hilo tatizo. Akikataa kabisa, nenda kwa wakili wiki hiyohiyo. Watakaokucheka watachoka. Na mpaka hapo, asilipande mtu yeyote, hata mkeo, hata kwa mwendo wa kanisani tu.

Mungu akujalie chombo kizima, mwanangu. Na ukiangukia kibovu, akupe moyo wa kukirudisha mchana kweupe, watu wakitazama.