Mkwe Hafundwi

Mwahija binti Fikirini alikuwa na kinywa. Ngokolo nzima, mtaa wa Shinyanga mjini, ililijua hilo, na waliompenda walilisema sawasawa na waliomchukia. Baba yake, Mzaramo wa Kisarawe, aliletwa Shinyanga na reli, akaoa hapo, akafa hapo, na urithi aliomwachia binti yake ulikuwa utani. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za wapagazi. Mtani wako unaweza kumwita mtumwa wako, ukamchukulia kuku wake, ukaingia kaburini mwa marehemu wake ukagoma kutoka mpaka upewe chochote, na akikasirika yeye ndiye mwenye kosa. Mtu aliyezaliwa na haki kama hiyo, kisha akawekwa katikati ya Wasukuma, hawezi kulala njaa.

Kazi yake ilikuwa ukungwi. Wasichana wa Kiislamu wa pale mjini waliokaribia kuolewa waliletwa kwake wafundwe, naye aliwaambia mambo ya chumbani kwa majina yake, bila kuyafunika kawa. Mume wake alipofariki, na harusi nazo zikapungua kwa kuwa sukari na khanga hazikuonekana madukani, alifunga masufuria yake akawafuata wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita, mahali palipoitwa Nyamkonze. Alijenga kibanda cha miti na turubai, akauza ugali na maharage. Ng'ombe wa mtu akivunjika mguu, siku hiyo iliuzwa nyama.

Nyamkonze hapakuwa kijiji. Palikuwa na mashimo, marundo ya mawe, na wanaume waliotoka kila upande: Wasukuma wengi kuliko wote, Wasumbwa, Waha, na Warundi waliochoka kulima katika makazi ya wakimbizi huko Tabora. Wake zao waliwaacha makwao. Kilichobaki mtu unaweza kukikisia, na asiyeweza angekwenda kuuliza kwenye zahanati ya kijiji cha jirani, alikofanya kazi muuguzi Limi.

Limi alijua maradhi yote na dawa zake. Shida yake ni kwamba alizaliwa hapo hapo. Nusu ya wachimbaji wa Kisukuma walikuwa baba zake wadogo, nusu nyingine kaka zake wa ukoo, na dada hamwelezi kaka yake habari za ndani ya suruali. Siku moja alikuja kibandani, akaagiza chai, akaiacha ipoe.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "mimi nina dawa. Wewe una mdomo."

Basi Mwahija akafundishwa na Limi aina za maradhi, na jinsi kila moja linavyoingia na linavyojificha, na kuanzia hapo chakula cha mchana kikawa kinatanguliwa na somo.

"Watumwa wangu," alianza siku ya kwanza, upawa mkononi, "leo hali mtu kabla sijamwambia kitakachomuua."

"Kitakachotuua ni maharage yako," alijibu Pantaleo, mchimbaji wa Kwimba mwenye shingo nene. "Mzaramo anajua nini zaidi ya kucheza ngoma?"

"Najua kwamba tangu Jumatatu unatembea umetanua miguu, na si kwa sababu ya kuteremka shimoni."

Watu walicheka mpaka Pantaleo naye akacheka, na kesho yake akaenda zahanati. Msukuma angeambiwa hivyo na Msukuma mwenzake, pangechukuliwa fimbo.

Siku nyingine Mwahija alikosa kitu cha kuonyeshea jinsi kondomu inavyovaliwa, akatumia mpini wa mwiko. Somo lilieleweka vizuri sana. Ugali haukununuliwa tena mpaka alipopata mwiko mpya mbele ya mashahidi, na ule wa zamani akamkabidhi Limi, ukawa mali ya serikali.

Mchimbaji mmoja tu pale hakusikia lolote. Jilala alikuwa mume wa Mwanaidi, mtoto wa pekee wa Mwahija, aliyebaki Ngokolo. Alisilimu ili amwoe, na kuswali alifundishwa, lakini heshima ya ukwe hakuhitaji kufundishwa. Msukuma aliyelelewa hamkazii macho mama mkwe, hali mbele yake, na mambo ya chumbani hayatajwi mahali walipo wote wawili. Utani wenyewe hufa siku ya ndoa. Kwa hiyo kila Mwahija aliposafisha koo, Jilala aliinuka na sahani yake, akainamisha kichwa, akaenda kula nyuma ya marundo ya mawe. Wenzake walimsifu. Mwahija mwenyewe alimsifu. Hapakuwa na mwanaume mwenye adabu zaidi Nyamkonze nzima, wala mjinga zaidi.

Tena adabu hiyo haikumzuia kulala kwa Generosa. Generosa aliuza pombe, alikuwa mchangamfu, hana ubaya na mtu, na mashati ya Jilala yalianikwa kwenye kamba yake. Mwahija aliyaona mashati hayo wakati mahindi yakiwa bado ya magotini. Akanyamaza, kwa kuwa mkwe hunyamaza. Wakati wa kuvuna pamba zikaja salamu kutoka Ngokolo kwamba mimba ya Mwanaidi imetoka, na majirani wanasema ni kijicho. Mwahija akatuma ubani, akaomba dua, akaendelea kuwafundisha watoto wa wenzake.

Lakini moyo haukutulia. Sikukuu ya Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia, na Jilala angekwenda nyumbani. Mwahija alimwomba Pantaleo ampelekee somo.

"Thubutu," alisema Pantaleo. "Nimwambie mtu, maneno haya ya kitandani yametoka kwa mama mkwe wako? Si ningekuwa nimemtukana mara mbili?"

Akamwendea Limi. Limi akamkumbusha kwamba Jilala ni kaka yake wa ukoo. Mwahija alirudi kibandani amekasirika, na mtu wa kumkasirikia hamwoni. Ukitaka mtu afe na heshima zake zote, mzungushie jamaa wenye adabu.

Siku chache kabla ya sikukuu, watu wakiwa wanakula, Jilala alikuja kuaga. Alichuchumaa nje ya turubai, amegeuza uso pembeni, kama ipasavyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kesho napanda lori kwenda Shinyanga. Nimepita kuuliza kama kuna mzigo wa Mwanaidi."

Mwahija aliuangalia ugali uliokuwa unatokota. Akauepua.

"Upo," alisema. "Ni maneno."

Akatoka, akazunguka turubai, akakaa chini mbele yake, uso kwa uso. Jilala alitaka kuinuka. Mwahija akamshika mguu. Kumshika mkwe mguu ni jambo ambalo hata jina halina.

"Ukinitoza mbuzi wa kuvunja ukwe, mbuzi nitamtafuta," alisema. "Mwanaidi mwingine sitampata. Kaa."

Jilala akavua koti, akajifunika kichwani, akakaa. Naye Mwahija akasema yote kama alivyowaambia wengine, ila bila utani hata chembe. Alitaja kisonono, akataja kaswende, akataja na ugonjwa huu mpya ambao redio ilikuwa imeanza kuutangaza kwa sauti ya matanga. Akamtaja Generosa. Waliokuwa wanakula waliacha kutafuna. Pantaleo alivua kofia.

Alipomaliza, koti lilivutwa likafunika mpaka magoti. Kisha likauliza.

"Mama, kidonda kisichouma, kikatoka mahali hapo, kisha kikapona chenyewe. Mtu si anakuwa amepona?"

"Hajapona. Kimeingia damuni kikajificha."

"Basi mimi changu kilipona kabla ya Ramadhani," alisema Jilala. "Na Ramadhani niliifungia nyumbani."

Ramadhani ile Mwanaidi alikuwa na mimba, na Limi alishamweleza Mwahija kwamba kaswende huua mtoto tumboni. Mwahija aliuachia mguu wa mkwewe.

Mbuzi alilipwa na kuliwa na wenye kuchimba, ambao walisema ana mafuta. Generosa alipelekwa na Limi kuchomwa sindano. Mwahija na Jilala walipanda lori moja, yeye mbele na dereva, Jilala juu ya magunia, maana heshima ikishavunjika huokotwa vipande vilivyopo. Mjini Shinyanga mume na mke walipimwa damu, wakachomwa sindano zao, na daktari akawaambia kwa upole kwamba Mungu akijalia watapata mtoto mwingine.

Jioni Mwanaidi alikaa barazani na ungo, anachambua mchele wa sikukuu. Mama yake alikaa naye, anamsaidia kutoa mawe.

"Mama," alisema Mwanaidi, "habari za huyo mwanamke ulizijua lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Ukaniacha nikampokea mume wangu."

"Jilala ni mkwe wangu. Nawe somo wako ni Mama Zamoyoni, yeye ndiye aliyekufunda. Mama hamfundi mtoto wake wa kumzaa. Ndivyo tulivyowakuta wazee."

Mwanaidi alipepeta mchele kidogo, akaweka ungo chini.

"Mama Zamoyoni hakuwa Nyamkonze," alisema. "Wewe ulikuwako."

Mwahija alikuwa na majibu ya wachimbaji wote, na kila mmoja na lake. Kisha akainuka, akachukua ndoo, akaenda bombani kuteka maji, ilhali mtungi wa ndani ulikuwa umejaa tayari.