Gitaa Lisilo na Tundu

Seremala haamini ubao mpaka aupige konzi na kuutegea sikio. Hata mlango wa wakwe zake aliupiga hivyo hivyo, akasahau kubisha hodi. Basi gitaa la umeme la mtumba, alilomnunulia bintiye mtandaoni, lilipofika tu akalipiga konzi. Likajibu kama gogo.

“Mama watoto, kazi haijaisha hii! Hawakutoboa tundu. Sauti itatokea wapi?”

“Si ulirudishe?”

“Nimwaibishe fundi mwenzangu?”

Akachomoa penseli sikioni, akachora duara katikati, akakata. Vijiwaya vilivyomzuia akaving'oa kama mizizi, akapiga msasa mpaka ukingo ukateleza. Kisha akamtumia muuzaji picha na ujumbe: “Usijali, ndugu yangu. Nimekumalizia, na sitamwambia mtu.”