Diski Iliyomchelewesha Baba

Njombe kuna baridi, na kila kitu chenye akili huchelewa kuamka. Laptopu yangu ilikuwa na akili sana. Nikishabonyeza kitufe, nilikuwa na muda wa kuwasha jiko la mkaa, kubandika chai, kuosha vikombe na kugombana na jirani kuhusu mbuzi wake anayekula kabichi zangu. Nikirudi, kioo bado cheusi na mashine inakoroma. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nalipwa kuwaambia watoto wa watu wawahi.

Ingekuwa ni kwa ajili ya alama za wanafunzi tu ningevumilia, maana hata wao hawazisubiri kwa hamu. Tatizo lilikuwa baba.

Baba yetu alishafariki, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye video ya sendofu ya dada yangu, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Video yenyewe ilibaki kwenye laptopu yangu peke yake. Kila Jumapili baada ya ibada mama alipitia kwangu, kitabu cha nyimbo kikiwa bado mkononi, kuja kumsalimia mzee. Mzee kwenye video amevaa koti la kuazima, ameshika kipaza sauti mbali na mwili kama mtu aliyeshikishwa kuku wa jirani, na anasema, "Ndugu mgeni rasmi, ndugu wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa." Huyo ni mkulima wa viazi ambaye maisha yake yote hakuzingatia itifaki hata ya vifungo vya shati. Lakini ndiyo sauti tuliyobaki nayo, na mama aliitaka.

Basi tulikuwa tunakaa mbele ya kioo cheusi, mama na kikombe chake cha chai, mimi na hasira zangu. Mama akisubiri huongea. Aliongea jinsi baba alivyoogopa mbwa, na jinsi mwalimu wa kwaya alivyomwomba kwa upole aache kuimba besi akae na funguo za kanisa. Mimi nilikuwa naitikia "mhu" huku nikiibonyezabonyeza mashine. Jumapili moja alianza habari nyingine. "Unajua baba yako aliwahi kunitoroka? Alikwenda mpaka stesheni ya Makambako, aende zake Dar es Salaam kutafuta kazi, na mimi naye tulikuwa tumeshaahidiana..." Hapohapo kioo kikawaka. Mama akanyamaza, akaweka kikombe chini, akajifunga vizuri khanga yake kama mtu anayepokea mgeni. Itifaki ikazingatiwa.

Wiki hiyohiyo diski ya laptopu ikaanza kusaga meno. Mlio wa kusaga, kisha kimya, kisha kusaga tena. Mwenzangu anayefundisha kompyuta akasikiliza kidogo na kuniambia diski inakufa, nihamishe vitu kabla haijazima moja kwa moja. Nilishikwa na woga wa kweli. Baba alikuwa mle ndani, na mtu akishakufa mara moja inatosha.

Nikapanda kosta kwenda Makambako, kwa sababu kila kinachopita kati ya Dar es Salaam na Zambia hudondosha kitu pale njia panda, vikiwemo vipuri. Fundi mmoja karibu na stendi akanitolea diski mbili akaziweka juu ya meza. Bei ilikuwa moja.

"Mwalimu, hii ina nafasi," akasema. "Tera nzima. Unajaza mpaka unazeeka. Hii nyingine ndogo, robo tu, lakini ina mbio. Unabonyeza, imeshawaka."

"Hakuna zenye vyote viwili kwa pamoja?"

"Zipo. Ila ukisikia bei utanichukia bure."

Nikafanya kosa la kumpigia mama simu. Sisi watu wa huku, ukimwonyesha mtu ghala lako, hakuulizi mahindi yanatoka kwa kasi gani. Anauliza linaingiza magunia mangapi. Ghala dogo ni aibu ya ukoo. "Chukua kubwa," mama akasema, bila hata kupumua. "Nani anajenga ghala dogo kwa hiari yake?" Nikamweleza kwamba kubwa itachelewa kuwaka kama ile ya zamani. Akasema, "Sasa tuna haraka ya kwenda wapi?"

Kabla sijaweka simu mfukoni, shangazi akawa anapiga. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Laptopu yangu, lazima niseme, ndiyo makaburi ya ukoo. Kwetu msiba hupigwa video tangu masufuria yanapoinjikwa mpaka shada la mwisho, na kila video huletwa kwa mwalimu, kwa kuwa mwalimu ana kompyuta. Kuna msiba mmoja ambao mpiga picha alisahau kuzima kamera, na kwa muda mrefu sana tunatazama kiatu chake cha kushoto. Hakuna aliyewahi kuomba kuitazama tena. Hakuna pia anayeruhusu ifutwe.

"Usithubutu kumtupa babu yako," shangazi akasema. "Na ile ya bibi mdogo nimo mimi nalia vizuri kabisa."

Hapo nikakasirika. Wanaosubiri kioo kuwaka ni wao au ni mimi? "Nipe yenye mbio," nikamwambia fundi.

Nikamsimamia ahamishe baba kwanza. Diski ya zamani ilisaga meno, ikanyamaza, ikasaga tena, na mimi nikaomba kimyakimya, mikono mifukoni, fundi asione. Baba akavuka salama. Nafasi iliyobaki nikaijaza kazi za shule na misiba miwili mitatu ya watu wenye watoto wakorofi. Marehemu wengine wakabaki kwenye ile diski mbovu, nikawafunga ndani ya sweta na kurudi nao Njombe mapajani.

Jumapili mama akaja. Nikabonyeza kitufe kwa majivuno. Kioo kikawaka mama akiwa bado mlangoni anavua viatu. "Ndugu mgeni rasmi," baba akasema. Mama akatazama amesimama, kikapu mkononi. Ikaisha. "Mashine nzuri, mwanangu," akasema. "Mungu akubariki." Akavaa viatu. Maji ya chai yalikuwa hayajapata hata joto.

Jumapili iliyofuata ikawa hivyohivyo. Iliyofuata tena akanipigia simu kwamba mawingu ni mengi, ana viazi vya kuingiza ndani, na mzee ameshamwona wiki ile, hajabadilika.

Siku hiyo nilikaa peke yangu mezani na laptopu yenye kasi kuliko zote katika mtaa wetu. Nikamwasha baba. Akazingatia itifaki. Nikamwasha tena. Nikatafuta kichwani mambo ninayoyajua kumhusu, mbwa, besi, funguo za kanisa, na hakuna hata moja nililolipata kwenye video. Na kule stesheni ya Makambako sikujua kilichotokea. Niliumia, tena sana, na sikuwa na fundi wa kumlaumu.

Nikampigia mama. Nikamwambia Jumapili ijayo asikose, mashine ina kasoro kidogo.

Akaja. Nikamwekea kiti, nikaiweka laptopu mezani, nikaifunika na kitambaa cha meza.

"Imekuwaje tena?"

"Bado inawaka, mama."

"Mpya hii?"

"Baridi, mama."

Akaitazama, akanitazama mimi kwa muda, kisha akavua viatu na kukaa. "Basi lete chai. Nilikuwa nimefika wapi siku ile?"

"Makambako. Stesheni."

"Ehee. Baba yako alikuwa ameshakata tiketi. Mama yake kamfungia viazi vya kuchemsha vya kumfikisha Dar es Salaam. Treni ikachelewa. Akala kiazi kimoja. Ikachelewa tena. Yule mtu alikuwa kama wewe, hajui kusubiri. Viazi vya safari vikaisha yuko palepale stesheni, akaona basi, safari imekwisha. Nikamkuta asubuhi kwenye uzio wa kwetu, ananiambia amerudi kwa sababu ya mapenzi." Mama akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Treni ile ingewahi, hapa angekuwa amekaa mtoto wa mwanamume mwingine."

Nikamwongezea chai. Akaigusa laptopu kwa kidole kupitia kitambaa.

"Bado tu?"

"Bado, mama," nikasema. "Bado kabisa."