Tulivyoisomea Yasini Mitende

Aibu nimeionja, jamani, na nakusimulieni mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mama yangu, maana yeye huitia chumvi. Siku zile nilikuwa nnamtaka Rahma wa Unguja, na mamake, Bi Asya, akaja naye Maskati (kutembelea jamaa, walisema, lakini sote tulijua wanakuja kunitazama mimi). Wakashukia kwetu Ghubra, na Bi Asya alitaka kitu kimoja tu: babu wa babu yake aliuawa vitani huko nyuma ya milima, naye kaja na chupa ya marashi kutoka kwao, amzuru na amsomee.

"Unapajua?" akaniuliza.

Jibu la haki lilikuwa "sijui". Mimi nikasema, "Kwani mimi mgeni hapa, Bi Asya?"

Basi tukatoka wanne, mama yangu naye, tukaanzia Maskati kwenye ngome, nikaeleza mizinga na minara mpaka Rahma akatabasamu, kichwa kikanivimba. Tukapita Rusayl, tukavuka milima, nikafika kijiji alichokitaja Bi Asya, na mbele yake uwanja mkavu una mawe kwa safu, jiwe huku na jiwe huku. Na makaburi ya Omani ndivyo yalivyo, jiwe la kichwani na la miguuni, hakuna jina wala sementi, nikafunga breki bila ya kumuuliza mtu.

"Mashahidi hao," nikasema.

Bi Asya akashuka analia, akayamiminia marashi jiwe baada ya jiwe. Mwisho wa safu palikuwa na shimo. "Na hili lililo wazi?"

"Mafuriko ya wadi, mto wa mvua," nikajibu, wala sikupepesa jicho.

Tukaanza Yasini, mimi ndiye naongoza, na sauti nimeivuta kidogo (kwa ajili ya Rahma, nisikufichieni). Gari ikasimama, ikasimama ya pili, familia nzima zinatoka matembezini, na huku ukiwakuta watu wanaomba dua huulizi, unainua mikono, kwa hiyo nilipogeuka nina umati nyuma yangu, wanawake wanapangusa macho, na mzee mmoja kanishika bega ananipa pole.

Hapo akatokea bwana mmoja na jembe begani. Akangoja kwa adabu mpaka tukaitikia amina, ndipo akauliza kwa Kiarabu, "Samahani, kafa nani?"

Nikamweleza. Akayatazama mawe, akanitazama mimi. "Mwanangu, hapa napanda mitende. Mawe nimeweka nijue pa kuchimba, na shimo lile nimelichimba jana."

Yule mzee akaondoa mkono begani mwangu. Kisha mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, na mimi ardhi haikunimeza ingawa shimo lilikuwa tayari. Na mwenye shamba, Muomani huyo, hawezi kutuacha twende bila ya kahawa, tukakalishwa mkekani tukaletewa na halwa, na kila jirani aliyeingia akahadithiwa upya tangu mwanzo, mimi nimekaa hapo hapo nameza tende.

Bi Asya akamuuliza makaburi yenyewe yako wapi.

"Wallahi hatujui, mama. Walizikwa palepale walipoanguka, na bonde lote hili limeshalimwa."

Bi Asya akaitazama ile chupa, haina hata tone. Hapo ndipo niliposikia uchungu wa kweli, kuliko ule wa kuchekwa.

Tukashika njia ya kurudi. Rahma alikuwa kajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Tulipokaribia Ghubra, Bi Asya akaanza.

"Babu yangu nimeshamsomea, thawabu zitamfika popote alipo. Linalonisumbua ni wewe. Mwanamme asiyejua kusema sijui, siku mwanangu akiugua atampa dawa gani?"

Jibu zuri nilikuwa nalo, mimi sikosi jibu. Nikalimeza.

"Sijui, Bi Asya. Ntamuuliza daktari."

Mama yangu kajishika kifua. Bi Asya akageukia dirishani, akasema kama anazungumza na barabara, "Wazee wako waje Ijumaa."

Rahma sasa ni mke wangu, alhamdulillahi. Wageni bado nawatembeza kwenye ngome, na kwa raha zangu, lakini nisichokijua nimeapa kusema sijui, ingawa neno hilo, wallahi, mpaka leo linanikwama kooni.