Mafiga Nje, Miwani Ndani

Baba mkwe wangu alisema hataamini mdomo wa mtu yeyote kuhusu shamba lake la mingazi, yaani michikichi, na wangu mimi ndio kabisa. Shamba lenyewe liko ng'ambo ya mto, kwenye mteremko wa kilima, huko upande wa Wamaza alikozaliwa mume wangu. Mzee na mke wake walilipanda wakiwa vijana, na mke wake amezikwa humohumo, katikati ya mingazi. Baadaye mguu ulimharibikia mzee, akawa mtu wa magongo, na kufika kule ni kuvuka mto kwa mtumbwi kisha kupanda kwa miguu. Kiangazi kile moto wa pori ulipita kilimani. Mdogo wake akaleta habari kwamba mingazi yote imeteketea, hata kaburi halionekani, kwa hiyo bora wawaachie wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila waliokuwa wanapataka. Wachimbaji wangekuja kuchukua jibu siku ya soko.

Majirani wengine walisema mingazi bado ipo. Mume wangu akajitolea kwenda kupiga picha kwa simu. Mzee alicheka kwa kejeli, akinisema mimi, mke wa mwanawe.

"Picha? Bibi yako hapana alitia maporomoko ya mayi nyuma ya bibi arusi? Kasongo kuko maporomoko wapi?"

Hapo alinishika pabaya. Mjini Kasongo tunakoishi, mimi napiga video za harusi, na maporomoko yale niliyatia kwenye kompyuta kwa sababu bibi arusi mwenyewe aliyataka. Mzee aliiona video ile kwa watu, na tangu siku hiyo kila picha iliyopita mikononi mwangu kwake ni uongo.

"Mi nataka kuona na macho yangu, saa ileile," akasema.

Nikamwambia mume wangu amwambie kwamba ataona. Nasema amwambie kwa sababu katika ukoo ule mkwe wa kike hasemi na baba mkwe ana kwa ana, wala hamtazami usoni, wala haketi naye barazani. Baraza lake liko mbele, linatazama barabara. Mimi mahali pangu palikuwa nyuma ya nyumba, penye jiko la nyasi aliloacha mama mkwe, ambalo huwa langu kila tukienda. Maneno yetu yote yalipita kwa mume wangu, aliyezunguka nyumba huku na huku mpaka akaota sugu.

Nilikuwa na drone ndogo ya kupigia harusi, kidege chenye kamera nilichokiunga mwenyewe kwa vipande, na miwani ya aina mbili. Miwani ya drone huvaliwa usoni na kuziba macho yote, halafu unaona kile kinachoonwa na kamera kule juu, papo hapo. Miwani mipya ilikuwa ya kurushia. Ile ya zamani, yenye ufa, ningempa mzee, kwa kuwa zote mbili zinaweza kupokea picha moja. Tuliomba ruhusa kwa chifu na kwa askari wa pale, maana kitu kinachoruka huku kwetu kinaweza kuwatia watu hofu kubwa. Kisha nikakaa nyuma, mzee akakaa barazani kwenye kiti chake, nikarusha.

Miwani yangu ilionyesha mto vizuri. Mume wangu akaja mbio.

"Baba anasema ndani iko mvua tu."

Nikajua ni chenga, zile nukta zinazojaa picha isiposhika. Niliilaumu miwani ile ya zamani bila kufikiri mara mbili. Antena zake zilikuwa vijiti viwili vya kiwandani, vifupi, vya kupokea kutoka popote lakini si kutoka mbali. Nikaketi jikoni nikakata kipande cha mwanzi chembamba, nikakizungushia waya wa shaba niliouchomoa kwenye mota iliyoungua, mzunguko juu ya mzunguko. Mawimbi ya drone yangu hujisokota yakiwa hewani, na waya usiposokotwa kufuata upande wao hupokei kitu. Nyuma yake niliweka duara la bati la mkebe wa maziwa ili antena isikilize upande mmoja tu, upande wa kilima. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye makaa, kando ya sufuria ya maharage.

Tukajaribu tena. Mvua. Nikafungua, nikalehemu upya. Mvua. Nikasogeza kipokezi mbali na feni ya miwani, maana feni ina kelele zake. Nikafupisha waya uliounganisha antena, kwa kuwa kwenye waya mrefu mawimbi haya hufia njiani. Mvua, mvua, mvua. Baba mdogo wa mume wangu, yule wa wachimbaji, alikuwa haondoki barazani.

"Muache ile mambo ya wazungu," nilimsikia akisema kwa sauti ya kunifikia. "Mingazi ilishaungua."

Nilikasirika kweli. Nilijiambia kwamba hata nikibaki na kipande kimoja cha waya, mzee huyu ataona.

Asubuhi ya siku ya soko nilimfungia mume wangu drone kwenye ncha ya ufito mrefu, akapanda nayo kwenye mwinuko ulio karibu na mto ili nipime bila kumaliza batri. Nikawasha miwani ile ya zamani jikoni. Picha ikaja safi, safi kuliko miwani yangu mipya. Niliona hadi nguo zilizoanikwa na jirani. Nikainuka nikitembea nayo polepole, nikifuata ukuta kwa mkono kama kipofu. Nilipofika kwenye kona ya nyumba, chenga zikaanza. Hatua chache tena, zikawa mvua tupu.

Nikaivua, nikatazama juu. Mabati! Nyumba nzima, na baraza lake la heshima lenye paa lililoshuka chini, imeezekwa kwa mabati, na ilisimama kati ya mzee na kilima chake. Siku zote nilikuwa nikitengeneza nyuma, nikirusha nyuma, kisha napeleka mbele nisikoruhusiwa kuketi. Jikoni kulikuwa na nyasi tu, na mlango wake unatazama mto.

Mume wangu alipompelekea baba yake habari kwamba aje aketi jikoni, jibu nililisikia bila mjumbe.

"Nani alisha ona baba mukwe anaikala mu jiko ya mukwe wake? Munataka watu waniseme?"

Baba mdogo akacheka. Wachimbaji walikuwa wameshafika, pikipiki zao ziko chini ya mti. Nikaingia jikoni, nikatoa sufuria. Nikatoa kuni, majivu nikayafagia. Kisha nikafunga mikono kwa matambara nikayatoa mafiga yote matatu, yangali na joto, nikayapanga nje kwenye jua.

"Mwambie baba," nikamwambia mume wangu, "jiko ni mafiga. Mafiga yako nje. Hii ni nyumba ya nyasi tu, tena ni ya mke wake."

Mume wangu akazunguka kwenda mbele. Halafu nikasikia magongo yakizunguka nyumba.

Aliketi ndani, mimi nikaketi nje nikimpa mgongo, kila mtu na miwani yake. Nikarusha. Mto ukapita chini yetu. Mteremko wa chini ulikuwa mweusi wote, na nikamsikia akivuta pumzi. Nikapandisha drone. Juu ya weusi ule mingazi ilikuwa imesimama, mistari kwa mistari, kijani.

"Kushoto," akasema. Hakusema 'mwambie'. "Kushoto, kwenye ile mawe."

Batri ilikuwa inaisha. Nikirudi sasa, drone ingefika nyumbani. Nikikawia, ingebaki kule, na kazi yangu ya harusi pamoja nayo. Nikaishusha polepole hadi chini, mbele ya mawe. Ilipogusa udongo, miwani yangu mipya ikajaa chenga, sikuona tena kitu.

"Baba," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake. "Kwangu imekatika."

"Kwangu haikukatika," akajibu. "Niko naiona, mukwe. Majani yameota juu yake. Moto haukumugusa."

Akanisimulia yote, jiwe kwa jiwe, mpaka batri ikafa, na mimi nililia ndani ya miwani isiyoonyesha kitu.

Alipoivua, alimwita mdogo wake. "Ambia wale watu warudi Salamabila. Pale kuko mutu wangu."

Mdogo wake akaelekea kwenye pikipiki za wachimbaji. Mume wangu akashuka kutafuta mtumbwi ili akaichukue drone. Mzee alibaki nje ya jiko, akayatazama mafiga juani, kisha akaegemeza gongo moja ukutani, akainama kwa taabu, akaokota figa dogo na kulirudisha ndani kwa mkono wake.

"Pika sasa," akasema. "Tuko na njaa."