Matawi ya Irlande

Usiniulize Bunia na Irlande walijuana wapi. Huku kwetu Saio, kartie ao mutaa moja wa Bunia, iko mamere mumoja muzee, mutawa muzungu wa Irlande, alikuja kufundisha wasichana kushona mbele miye nizaliwe, akasahau kurudi kwao. Kila mwaka, mwezi wa tatu, siku ya mutakatifu wa inchi yake, paruasi, ile parokia yetu, inafanyaka defile, maandamano ya barabarani, kwa heshima ya urithi wa Irlande. Hakuna mutu wetu aliyefika kule hata siku moja. Hiyo haikatazi komite kutupigia kelele kwamba Wairlande hawatembeake vile.

Na kila mwaka komite inachagua mutu wa mutaa wa kuheshimu, anatangulia defile mu pikap. Mwaka moja walichagua bwana wa duka, juu alitoa soda. Mwaka wenye kufuata, shefu wa kartie, juu alikuwa shefu. Nyuma ya hapo wakubwa wakawaishia, ndiyo wakakumbuka mama mukubwa wangu.

Mama mukubwa, yaani dada mukubwa wa mama yangu, ndiye anaongozaka wamama wa vilio mu kartie. Mutu akikufa, yeye anatuma kutafuta viti, masufuria na makala, yeye anaonyesha wanaume pa kuwasha moto wao, yeye anafukuza walevi. Hakuna familia mu Saio haijakula maharagi yake pamoja na machozi. Siku komite ilikuja kumuambia atapewa heshima, hakusema hata aksanti. Aliuliza kitu moja tu: "Mutaalika mutoto wangu wa Mambasa?"

Komite wote wakaangalia viatu vyao. Ile habari kila mutu anaijua. Mutoto wake ni mumoja tu, anauzishaka mbao kule Mambasa. Baba yake alipokufa ilikuwa wakati wa mvua, lori ikazama mu matope, akafika nyuma ya kuzika. Mama mukubwa akamuambia mbele ya watu wote: "Umekuja kuzika nani? Rudia kule ulikuwa umelala!" Akarudia kweli. Tangu siku ile simu hashike, salamu hajibu, na watoto wake hawamujui bibi yao. Mama mukubwa anatuma neno na kila dereva mwenye kuenda ile upande. Kiburi yake ilishaisha zamani, lakini neno ikishatoka mu mulomo, haina breki ya kurudi nyuma.

Walimualika. Hakujibu.

"Nitaenda tu kwa defile," mama mukubwa akasema. "Pengine roho yake itageuka."

Sasa sikilizeni akili ya komite. Mamere aliwaelezea kwamba kwao, siku ile, watu wanavaa kijani na wanaweka kifuani jani moja kadogo ka mikono tatu. Jani ile haiko huku. Katibu wa komite, mutu alisoma sana, anavaa kravati hata akienda kuteka maji, akakata maneno: "Jani ni jani." Wakatuma watu wakate matawi ya avoka, ile miti ya parachichi. Kila mutu abebe lake. Mamotari, wale wa teksi za pikipiki, nao wafunge matawi kwa pikipiki. Pikap wakaivalisha matawi mbele, nyuma na juu.

Weye mwenye kutoka mbali, acha nikuelezee. Huku kwetu matawi kwa pikipiki na pikap iko na maana moja tu: mutu amekufa, tunaenda kumulia. Hata mutoto wa kunyonya anajua. Katibu peke yake ndiye hakujua, juu alikuwa anafikiri kimataifa.

Na haikutosha. Wakachapisha tisheti za kijani na picha ya mama mukubwa kifuani. Picha waliitoa ku karte yake ya elekteri, ile ya kupigia kura, ile picha ambayo hata mutu muzima anaonekana sawa ameshaoshwa. Chini wakaandika: MAMA, HATUTAKUSAHAU. Nikamuuliza katibu kwa adabu yote: "Papa katibu, tisheti ya picha ya mutu, siye tunaivaaka siku gani?" Akanijibu kwamba niko na akili ya kijiji. Sawa, papa. Yangu ni macho.

Fanfare ya paruasi, ile bendi ya tarumbeta, inajua nyimbo mbili: ya taifa na ya kuzika. Ile ya taifa komite ilisahau kuiombea ruhusa. Basi.

Mungu naye akataka kusaidia. Tulipotoka tu, mvua ikaanza kunyunyiza. Tukamutoa mama mukubwa kule nyuma ya pikap, tukamuingiza mu kabine karibu na dereva, miye nikajibana pembeni yake. Kiti yake ya heshima, ile kubwa ya sebule ya padri, wakailaza kule nyuma, wakaifunika na shitingi, turubai ya plastiki, wakapanga matawi juu. Fikiria mwenyewe: pikap inaenda polepole, nyuma kitu kirefu chini ya shitingi, matawi, picha ya mama kwa kila kifua, na fanfare inazika.

Tulipofika karibu na soko, mama mumoja wa samaki akaangalia tisheti, akaangalia shitingi, akatupa beseni yake chini. "Mamaa eeh! Mama yetu amekufa!" Hapo soko nzima ikawaka. Wamama wanashika vichwa, wanaume wanavua kofia. Mamotari ambao hakuna mutu aliwaalika wakavunja matawi ya miti ya watu, wakaingia mu musururu, honi juu ya honi. Mamere alikuwa anatembea mbele na mwavuli wake, anapangusa macho. Akageuka kwa katibu: "Hata kwetu hawaliake hivi kwa furaha!"

Miye nikamuvuta mukono. "Mama mukubwa, toa kichwa kwa dirisha, watu wakuone!"

Akapandisha kioo.

"Mama mukubwa, wanafikiri umekufa!"

"Najua," akasema. "Nimepanga vilio mbele weye uote meno. Unafikiri asubuyi sikuona matawi? Niliona. Nikanyamaza."

"Juu ya nini?"

"Nilimuita kwa siku ya heshima, alikataa. Nataka nione kama kilio pia atakataa."

Nilikasirika kabisa. Nikamuambia hiyo ni zambi, kifo haichezewake. Nikatoa telefone nimupigie yule mutoto. Akaninyang'anya, akaikalia. Na mama mukubwa akikalia kitu, hakuna jeshi la kumuinua.

Huku kwetu reseau ya simu inakufaka kila siku, lakini habari ya kilio haijakosa njia hata siku moja. Mbele defile imalizike, Mambasa walikuwa wanajua.

Saa za mangaribi watu wakajaa mu parsele, kiwanja ya nyumba yake, na viti na makala, wakamukuta marehemu jikoni anauliza nani aliweka chumvi mu maharagi. Wengine walikimbia. Jirani moja alikasirika, akasema yeye alishalia, na ile machozi nani atamurudishia? Lakini sufuria ilikuwa motoni, na mutu haachake maharagi juu tu maiti iko inatembea. Wakakaa, wakakula. Katibu akasimama na kravati yake, akatangaza kwamba defile ilifaulu kupita ile ya miaka yote. Kwa hesabu ya watu, hakudanganya.

Mama mukubwa hakukula. Alikuwa anaangalia barabara.

Kesho yake vilevile, tangu asubuyi. Nilianza kumuhurumia, na hasira yangu ikageuka woga. Kama mutoto hata kwa kifo ya mama yake hakuji, tutamuambia nini huyu mama? Hakuna mutu alithubutu kumusemesha.

Jua ilikuwa imeshapita kati ndiyo pikipiki ikasimama kwa mulango ya parsele. Mutu alikuwa juu yake amekuwa udongo mutupu, toka viatu mupaka ndevu. Sikumutambua. Ni yeye alinishika mukono, bila salamu.

"Nimefika? Hawajamuzika?"

Nikamuonyesha tu na kidole.

Mama mukubwa alikuwa amesimama kwa mulango ya nyumba. Mutoto akamuona. Akaketi chini pale pale, mu matope, mutu muzima na ndevu zake, akalia kwa sauti. Nilingoja akasirike. Nilingoja arudie kwa pikipiki yake, na angekuwa na haki. Hakuinuka.

Mama mukubwa akashuka mu matope bila sandale, akaketi pembeni yake, bado na kitambaa ya kijani komite ilimuvalisha siku ya defile, akaanza kumupangusa uso na kiganja.

"Hawajanizika," akasema. "Umefika mbele nizikwe, mwanangu. Ile siku ya baba yako, weye ulicheleweshwa na barabara. Miye, hii miaka yote, nini ilinichelewesha?"