Waliomwita Yaya Mlimani

Watu wakisikia tuko na timu ya kutafuta waliopotea mlimani, wanafikiri tunapewa buti na mshahara. Mshahara gani? Tuko wakulima na waendesha pikipiki wa Wamaza, basi. Vyombo vyetu ni kamba, mapanga na kipoyi cha mianzi cha kubebea mgonjwa mabegani. Mtu akipotea kwenye milima ya kuelekea Salamabila, tunatupa jembe tunapanda. Wengine hata asante hawatoi. Nilishazoea.

Lakini kumtafuta yaya, dada yangu mkubwa, hilo sikulizoea. Alipanda asubuhi kuchuma uyoga, ukungu ukashuka, mvua ikanyesha mpaka kukakucha, naye hakurudi. Mama mtu mzima, na kikwembe kimoja mwilini, na baridi ile! Nilikuwa nagombeza kila mutu. Wenzangu wakanivumilia tu.

Tukagawanyika. Miye na jirani mmoja tulishika njia ya juu. Wengine walifuata kijito, wakiita jina lake kwa nguvu zao zote. Wanaume wale wana vifua, wakiita unawasikia mpaka ng'ambo. Jioni walirudi sauti zimewakauka.

"Kule hayuko," wakasema. "Angekuwa kule angeitika."

Tuliwaamini. Kesho yake tukahamia mlima mwingine, siku nzima ikaenda bure.

Siku iliyofuata nikarudi kijitoni, kwa ukaidi wangu tu, wao nyuma yangu. Nikamkuta chini ya gogo, karibu kabisa na njia waliyopita. Mguu ulikuwa umevunjika, umevimba vibaya. Alikuwa amejifunika majani mpaka kichwani, na mdomoni amejaza pindo la kikwembe, kusudi asisikike akiugua. Eh, Mungu wangu! Nililia pale pale, sikuona haya.

Tukampakia kwenye kipoyi. Waliombeba ni wale wale waliomwita. Nilitembea ubavuni kwake, namnywesha maji kwa kifuniko cha bidoni. Mwili ulikuwa baridi, midomo imepauka, lakini macho yalikuwa na furaha, na sikuelewa furaha ya nini.

"Walikuya, mudogo wangu," akaninong'oneza. "Wanaume, tena mingi. Walijua mpaka jina langu. Sikuitika."

Aliyebeba mbele alisikia. Hakusimama.

Baba yetu aliitwa hivyo hivyo. Wakati wa vita tulikimbilia porini, tukajenga kibanda, na wanaume wenye bunduki wakaja wakasimama nje, wakamwita kwa jina lake. Baba akaitika, akatoka. Sisi wawili tulikuwa nyuma ya kibanda, tumelala kwenye majani, mkono wa yaya umeniziba mdomo. Hatukumwona baba tena. Tangu siku ile yaya hakuitikia sauti ya mwanaume asiyemwona, hata sokoni, hata kanisani. Watu walimwona ana kiburi.

Alikata roho njiani, kabla hatujafika kituo cha afya. Lakini kwanza alinitazama sana, anangoja niseme kitu. Nilitaka kumwambia ni sisi, yaya, ni majirani, ni huyu anayekubeba.

"Ulifanya vizuri, yaya," nikamwambia. "Hawakukupata."